Timu ya Akiba

Mkurugenzi alisoma majina sita, na la nne lilikuwa la binti ya Mwalimu. Hakupunguza sauti alipolifikia, wala hakuinua macho. Aliyasoma kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua dukani, kisha akakunja karatasi mara mbili na kuisukuma juu ya meza.

"Hao ndio wa stoo," alisema. "Mkaguzi anaingia Alhamisi saa tatu. Saa mbili na nusu wawe wameshaingia, kufuli limefungwa, na wewe umesimama mbele ya ubao unatabasamu."

Mwalimu aliitazama ile karatasi bila kuigusa. Alikuwa na miezi minane katika shule ile ya Kiingereza, yote ya muda, mwezi kwa mwezi, kila tarehe thelathini akisubiri kuambiwa kama kesho aje au asije. Barua ya ajira ya kudumu ilikuwa imeshachapwa. Aliiona kwa macho yake ndani ya faili la kijani, jina lake limeandikwa sawasawa, imebaki saini. Mwalimu wa kudumu, mtoto wake husoma bure mpaka darasa la mwisho. Mwalimu wa muda, mtoto wake husoma kwa hisani, na hisani ya Mkurugenzi haikuwa na ratiba.

"Mkurugenzi, hawa sita ndio ninaobaki nao jioni tangu muhula uanze. Ile kanuni ya kuongeza ING wameishika. Pengine wameishika kuliko..."

"Wameishika wakirukaruka. Mkaguzi akiwapa aya moja wasome?"

Wale sita wakipewa aya, walikwenda neno kwa neno kama mtu anayevuka tope, akitafuta pa kuweka mguu. Binti yake hakuwa mbele ya wenzake.

"Basi niwaambie wazazi wawabakize nyumbani siku hiyo."

"Mwaka juzi tulifanya hivyo. Mama mmoja akatia timu hapo getini, mtoto kampigia sare pasi, anampigia mkaguzi kelele kwamba karo kalipa na mwanawe kafukuzwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo habaki mtu nyumbani. Wanakuja wote, wanaingia stoo, wanapewa biskuti, mgeni akiondoka wanatoka. Mzazi akiuliza, mtoto alikuwa shule. Ni uongo?"

"Si uongo."

"Tena wako ndiye ninayemtegemea." Mkurugenzi akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Wenzake wanamsikiliza. Mwambie awanyamazishe. Na Alhamisi asije akaumwa tumbo la ghafla, maana nitajua tumbo hilo limeanzia kwa nani."

Jioni, darasa lilipobaki na wale sita, Mwalimu aliwagawia vibao vyao. Vilikuwa vipande vya maboksi, kila kimoja na herufi kubwa ya rangi nyeusi na uzi wa kuvaa shingoni. Kanuni yenyewe ilikuwa imemtoa jasho. Aliiandika ubaoni wiki nzima: neno fupi kama *run*, likiongezewa *ing*, herufi ya mwisho inarudiwa, linakuwa *running*, lakini *rain* hairudiwi kitu, inabaki *raining*. Darasa zima lilinakili. Wale sita nao walinakili, wakakosea hata kunakili.

Ndipo akabuni mchezo. Vokali ikiwa peke yake ni mtoto mwoga. Herufi iliyo nyuma yake ni mlezi. ING akija kwa kishindo, mlezi mmoja hatoshi, anapaza sauti: "Pacha!" Pacha anatoka mbio nyuma ya kabati, anagonga dawati mara mbili, ko! ko!, na kusimama kando ya mwenzake. Lakini vokali zikiwa mbili zimeshikana mikono hazimwogopi mtu, na pacha akitoka hapo anazomewa mpaka arudi kabatini. Kuzomewa huko ndiko walikokupenda kuliko vyote. Kufikia wiki ya nne hapakuwa na neno fupi la Kiingereza ambalo wale sita wangeshindwa kulipachika ING.

ING mwenyewe alikuwa mvulana mnene waliyemwita Trekta. Pacha alikuwa binti ya Mwalimu, ambaye tangu alipoanza kusema hakuwa amenyamaza, na kwa hiyo nyumbani na shuleni jina lake lilikuwa moja tu, Chiriku.

"Alhamisi tuna mgeni," Mwalimu aliwaambia walipokuwa wakivua vibao. "Darasani itaingia timu ya kwanza. Nyinyi ni timu ya akiba. Mtakaa stoo, kimya kabisa."

"Kama wachezaji wa benchi?" aliuliza Trekta.

"Kama hao."

"Sasa Mwalimu, akiba tunaingia saa ngapi?" Huyo alikuwa Chiriku.

"Akiba haiingii kila mechi."

"Inaingia wenzao wakizidiwa," alisema Trekta, ambaye kwenye kusoma alikuwa wa mwisho lakini kwenye mpira alikuwa na shahada. "Si ndiyo, Mwalimu? Wakizidiwa, kocha anatuita."

Mwalimu alikuwa akifuta ubao. Alikuwa amesimama tangu asubuhi, na jibu lilikuwa limeshaandaliwa na mtoto, tamu, halihitaji maelezo.

"Ndiyo," alisema. "Wakizidiwa."

Nyumbani, mumewe, Fundi, alikuwa akimenya viazi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulibaki na vidole viwili tangu mashine ya randa ilipoukamata, na mwenye karakana, badala ya fidia, alimpa mlango mmoja uliopinda akauuze. Haukuwa na mnunuzi. Ulisimama umeegemea ukuta wa chumba chao, nguo zao zimetundikwa juu yake.

"Stoo ipi?" aliuliza. "Ile ya mafagio?"

"Ni kwa muda wa saa tatu tu, baba Chiriku."

"Zile herufi nilizikata siku nne, kwa mkono usiojua hata kushika kijiko. Nilizikata akasome. Sikuzikata akafungiwe nazo gizani."

"Si gizani."

"Kuna taa?"

"Kuna kidirisha."

Fundi alicheka kwa pua. "Kwa hiyo hakuna taa."

"Unataka nifanye nini?" Mwalimu alishusha sauti, maana Chiriku alikuwa uani akiimba. "Niambie. Nikamwambie hapana? Halafu mwezi ujao tule nini? Tule huo mlango?"

Fundi aliugeukia mlango, akautazama juu mpaka chini kama anayeupima.

"Mchwa wameshatuwahi," alisema.

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi ambacho kila mmoja alimwachia mwenzake akimalize. Kisha Fundi akachukua kiazi kingine.

"Aende," alisema. "Lakini usiseme mimi ndiye niliyeamua."

Alhamisi saa mbili na nusu waliingia stoo mmoja mmoja. Palikuwa na mafagio, ndoo, boksi za chaki, madawati matatu yaliyovunjika miguu na zulia lililokunjwa. Kati ya stoo na darasa la tatu ukuta ulikuwa plaiwudi, uliowekwa mwaka ambao Mkurugenzi aliamua kugawa chumba kimoja kiwe viwili. Trekta alikuja amevaa kibao chake cha ING ndani ya shati. Chiriku aliwapanga wenzake juu ya zulia, akahesabu, akamgeukia mama yake.

"Timu iko tayari, Mwalimu."

"Kimya kabisa, sawa?"

"Mpaka tuitwe."

Mkurugenzi alifunga kufuli na kutumbukiza ufunguo kwenye mkoba wake.

Mkaguzi alikuwa mtu mzima mwenye viatu vya vumbi na miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Alikataa kiti alichowekewa mbele, akaenda kukaa nyuma kabisa, kwenye dawati la mtoto, magoti yakimfika kifuani. Mkurugenzi alisimama mlangoni.

Somo lilikwenda kama lilivyofanyiwa mazoezi. Darasa la tatu lilikuwa na siri yake ya siku nyingi: anayejua jibu anyooshe mkono wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Mgeni huona mikono yote juu na kushangilia moyoni; mwalimu huchagua wa kulia tu. Kulikuwa na maneno kumi, yamekaririwa wiki mbili, *running*, *sitting*, *hopping*, na kuendelea. Mtoto waliyemwita Profesa aliandika manne peke yake, kwa mwandiko wa kupendeza, akarudi kukaa akijifuta chaki kwa leso. Watoto walivaa vibao vyao, maana mchezo ule walikuwa wamefundishwa na wao, wakasimama mstari, pacha akatoka kabatini. Mkurugenzi alianza kupumua.

"Vizuri sana," alisema Mkaguzi. Akajinasua kutoka kwenye dawati, akaja mbele. "Ya kwenu nimeyaona. Sasa mnifanyie na la kwangu." Akachukua chaki, akaandika *swim*, akalisoma kwa sauti. "Nataka kusema anaogelea. Nani ataniandikia?"

Mikono ishirini na minane ilinyooshwa. Yote ya kushoto.

Mwalimu aliitazama ile mikono, akitafuta hata mmoja wa kulia. Alingoja. Profesa, kwa kuona aibu ya jina lake, akashusha wa kushoto taratibu na kupandisha wa kulia.

"Haya, Profesa."

Profesa aliandika *swiming*. Alirudi nyuma hatua moja, akaangalia, akajua kuna kitu hakijakaa sawa, asijue ni kipi.

"Una hakika?" aliuliza Mkaguzi kwa upole.

Profesa alifuta, akaandika *swimeing*.

"Mwingine?"

Hakuna aliyenyoosha mkono, wa kulia wala wa kushoto. Nzi aligonga kioo cha dirisha. Mkurugenzi alimkazia Mwalimu macho, na Mwalimu akaikazia macho chaki iliyo mkononi mwake. Angeweza kusema neno moja tu, pacha, na darasa lingekumbuka. Alikuwa amefungua mdomo kulisema.

Ko! Ko!

Ukuta wa plaiwudi ulitikisika.

"Pacha!" Sauti ya Chiriku haikuwa na hofu hata chembe. "I yuko peke yake, M anaita pacha!"

"Pacha!" waliitikia wengine, na Trekta akapiga kishindo kwa miguu kama anavyopaswa ING kupiga. Kisha wote sita, kwa pamoja, wakalitamka neno herufi kwa herufi, M mbili zikigongewa ukutani, ko! ko!, mpaka mwisho, bila kukosea. Wakashangilia kidogo. Wakanyamaza, wakingoja.

Mkaguzi aliinamisha kichwa upande wa ukuta.

"Wale ni nani?"

Mkurugenzi alitabasamu tu, na tabasamu lile akalielekeza kwa Mwalimu kama mtu anayekabidhi mzigo.

"Ni watoto wa mlinzi wa getini, mzee," alisema Mwalimu. "Huwa wanachungulia wakituigiza. Si wanafunzi wetu. Si wa shule hii."

Hakupaza sauti. Hakuhitaji. Ilikuwa sauti yake ya kufundishia, ile inayofika dawati la mwisho bila kelele, na plaiwudi haikuizuia. Nyuma ya ukuta kitu kidogo kilianguka, labda ufagio. Baada ya hapo hakikusikika kitu tena.

Darasani watoto ishirini na wanane waliangalia madaftari yao.

Mkaguzi alitoka kwenda kwenye korido. Walimsikia anatembea hatua nne, anasimama. Mwalimu alijua anachokitazama: mlango uliofungwa kwa nje, kufuli jipya, watoto wa mlinzi ndani. Aliomba Mkaguzi alivunje lile kufuli. Papo hapo akaomba asilivunje. Maombi yote mawili yalikuwa ya kweli, na hakujua lipi lilitangulia.

"Mzee, chai inapoa," alisema Mkurugenzi.

Kisha hatua nne zikarudi. Mkaguzi hakuingia ndani. Alisimama mlangoni akiirekebisha miwani yake yenye waya, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuona makufuli mengi.

"Mwalimu," alisema, "watoto wa mlinzi wamepata. Uwaambie."

Akafuata chai.

Chai ilikuwa ndefu. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa mezani kwa mgeni. Stoo ilifunguliwa saa saba kasoro. Harufu ya mkojo ilitoka kwanza. Mmoja wao, mdogo kuliko wote, alikuwa amekaa pembeni ameficha sketi yake kwa ndoo. Biskuti zilikuwa palepale zilipowekwa, pakiti haijapasuliwa.

"Mbona hamkula?" Mwalimu aliuliza.

"Mchezaji hali kabla ya kuingia," alisema Trekta. Macho yake yalikuwa mekundu lakini bado yalikuwa na tumaini. "Mwalimu, si tuliingia? Walizidiwa, tukaingia."

"Mliingia."

"Tukashinda?"

"Mgeni kasema mmepata."

Watoto watano waliangaliana, wakaanza kutabasamu. Chiriku hakutabasamu. Alikuwa akikunja zulia, akilibana kwa magoti ili lirudi lilivyokuwa.

"Mwalimu," alisema bila kugeuka, "mlinzi ana watoto wangapi?"

Mlinzi wa getini alikuwa mzee mseja, na shule nzima ilijua kwamba hakuwa na mtu duniani ila redio yake.

"Nendeni mkanawe mikono," alisema Mwalimu. "Haraka, kabla maji hayajakatika."

Ijumaa Mkurugenzi alimwita ofisini. Faili la kijani lilikuwa wazi.

"Nilikuwa nikufute kazi jana ileile," alisema. "Sijui uliwaambia nini wale watoto mpaka wakathubutu. Sitaki kujua. Lakini ulijibu haraka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekauka, sina neno. Mwalimu wa Kiingereza nitampata popote, Mwalimu. Anayejua kujibu haraka, huyo adimu." Akaweka saini, akapuliza wino. "Wale watano nitawaita wazazi wao mwisho wa mwezi, wakawatafutie shule inayowafaa. Wako atabaki. Hayo ni matunda yako."

Mwalimu alipokea barua kwa mikono miwili. Alisema ahsante. Alijisikia akisema ahsante mara ya pili, na ya tatu akiwa mlangoni.

Nyumbani Fundi aliisoma barua akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Aliuondoa mlango pale ukutani, akaulaza uani, akasema kesho ataufanya meza, hata kwa vidole viwili ataufanya, maana mke wa kudumu hawezi kusahihishia madaftari kitandani. Ulikuwa muda mrefu hajapiga mluzi. Jioni ile alipiga.

"Na herufi zangu?" alimuuliza Chiriku. "Zilicheza vizuri mbele ya mgeni?"

"Sikuwepo, baba."

"Hukuwepo wapi?"

"Shuleni." Chiriku alisema hivyo kwa adabu, kama anayejibu swali la mtihani, akaendelea kula. Fundi alimwangalia mkewe. Mwalimu aliinuka akaenda kuchungulia chungu ambacho kilikuwa kimeshaepuliwa.

Walikula mpaka wakamaliza. Kwa mara ya kwanza tangu wahamie chumba kile walisikia wazi jirani wanaongea nini.

Wale watano waliondoka mwisho wa mwezi. Mama yake Trekta alikuja mwenyewe kuchukua madaftari, akamshukuru Mwalimu kwa kumpenda mwanawe, kwamba kila jioni nyumbani alikuwa akigonga meza na kuita pacha, na Mwalimu akapokea shukrani hizo kichwa chini.

Jumatatu iliyofuata, saa tatu na robo, honi ililia getini wakati Mwalimu akiandika tarehe ubaoni. Hakuwa amegeuka. Alipogeuka, nafasi ya Chiriku, dawati la nyuma peke yake, ilikuwa tupu. Daftari lilikuwa limefungwa vizuri, kalamu juu yake. Mtoto mmoja tu alinyoosha kidole kuelekea kwenye korido.

Mwalimu alichungulia dirishani. Lilikuwa gari dogo la mtu anayeleta chaki. Mlinzi alikuwa akimsaidia kushusha boksi. Mwalimu alitoka darasani akitembea, halafu akikimbia.

Mlango wa stoo ulikuwa umerudishwa kwa ndani. Chiriku alikuwa juu ya zulia, magoti kifuani, anatazama plaiwudi.

"Toka," alisema Mwalimu. "Ni mtu wa chaki. Si mgeni, hakuna ukaguzi. Hakuna aliyekuambia uingie humu."

Mtoto alizidi kuyakumbatia magoti yake.

"Toka, mwanangu."

Chiriku alishtuka. Aliangalia mlango uliobaki wazi nyuma ya mama yake, kisha ule ukuta, na alipozungumza alizungumza kwa mnong'ono wa mtu anayemwokoa mwenzake.

"Usiniite hivyo, Mwalimu. Wanasikia."

Mwalimu alikaa chini kwenye saruji. Upande wa pili watoto wa timu ya kwanza walikuwa wameanza kupiga kelele, na mtu fulani, pengine Profesa, alikuwa akiwanyamazisha kwa Kiingereza kizuri. Mwalimu alinyoosha mkono kumgusa mtoto goti. Chiriku hakuliondoa goti, wala hakusogea. Alikuwa anasikiliza gari. Lilipowaka, likageuka, likatoka, geti likafungwa, ndipo aliposimama, akakung'uta vumbi la chaki kwenye sketi yake, akampita mama yake pale chini na kurudi darasani.